Battir: kijiji cha Palestina chenye juma la siku nane (uzi)

Mwanamatuta

Wakuu, salaam kwenu.

Tukiitaja Palestina huwa tunataja vita, mikataba na majina ya viongozi. Kijiji hutajwa siku kilipobomolewa. Leo naomba tukae na kijiji kimoja kidogo ambacho hakikubomolewa, tutazame kilinusurika vipi, maana kilikuwa na kila sababu ya kufutika. Kinaitwa Battir.

Kipo kusini-magharibi mwa Jerusalem, kama kilomita 7 hivi, upande wa magharibi wa Bethlehem. Wakazi wake ni kiasi cha 4,000. Nyumba zimeshika ubavu wa mlima, chini yake kuna bonde jembamba, na ndani ya bonde inapita reli. Toka nyumbani hadi relini mteremko wote umekatwa matuta. Kila tuta linashikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono, hakuna saruji wala udongo wa kuunganishia. Jiwe likilala vibaya ukuta unavimba, mvua mbili tatu zikipita unaanguka, na udongo uliokusanywa vizazi na vizazi unaondoka nao. Kwa hiyo ukuta wa Battir ukiuona umesimama, jua kuna mtu aliupitia mwaka huu.

Kilichokipa kijiji uhai ni maji. Kina chemchemi kadhaa, na ile kubwa ni Ain al-Balad. Inatoka mwambani kati ya nyumba, inaingia kwenye birika ambalo msingi wake unahesabiwa kuwa wa enzi za Warumi, halafu inashuka kwa mifereji hadi kwenye bustani za chini. Kijiji kina koo kubwa nane. Kila ukoo una siku yake ya maji, na zamu hairudi mpaka koo zote nane zimwagilie. Ndiyo maana watu wa Battir husema juma lao lina siku nane.

Hesabu hii naipenda kwa sababu ina haki ndani yake ambayo huioni haraka. Zamu ikiwa ya siku saba, ukoo uliopangiwa Ijumaa ungebaki na Ijumaa milele, baba hadi mjukuu, kila siku ya sala ya jamaa wao wako shambani. Kwa siku nane, siku yako inasogea: mzunguko huu Jumatatu, ujao Jumanne, ule mwingine Jumatano. Usumbufu unazunguka kwa wote.

Na siyo kwamba ukoo wenye zamu unajichotea unavyotaka. Maji yaliyojaa birikani usiku hupimwa kwa fimbo, kisha kila familia ya ukoo ule hupewa fungu lake. Hakuna mita wala karani. Kila mtu anaona fimbo imelowa mpaka wapi.

Nitaendelea na historia yake ya kale. Nani anakifahamu kijiji hiki?

Mrina_wa_Kibo

Mkuu, umenikumbusha mifongo yetu Uchagani. Mfereji ulichimbwa na ukoo, una wazee wake, una zamu, na asiyetoka siku ya kuusafisha maji hapati. Babu alikuwa akisema ugomvi wa maji ni mbaya kuliko wa mpaka wa shamba. Endelea, niko hapa. Hao koo nane huwa hawapigani?

Mwanamatuta

Mrina, wanadamu hawakosi kugombana, lakini utaratibu wenyewe umedumu, na nadhani sababu ni hiyohiyo ya babu yako: maji yanapimwa hadharani.

Historia ya kale. Battir ndiyo inayotambuliwa na wanahistoria wengi kuwa ni Betar ya zamani, ngome ya mwisho ya uasi wa Bar Kokhba, Wayahudi walipoinuka dhidi ya Warumi mwaka 132. Warumi waliizingira na kuiangusha mwaka 135, wakati wa Kaisari Hadrian. Mwanahistoria wa Kirumi Cassius Dio aliandika kwamba katika vita ile ngome 50 na vijiji 985 viliteketezwa na watu 580,000 waliuawa. Wasomi hubishana juu ya tarakimu zake, lakini ukubwa wa msiba ule haubishaniwi. Wayahudi hadi leo wanaikumbuka Betar katika mfungo wa Tisha B'Av.

Magofu ya ngome yapo juu ya kilima kilichoungana na kijiji, na Waarabu wa Battir wenyewe wanakiita Khirbet al-Yahud, magofu ya Wayahudi. Karibu na chemchemi palipatikana maandishi ya Kilatini yaliyochongwa mwambani, yakitaja vikosi viwili vya jeshi la Roma, Legio V Macedonica na Legio XI Claudia. Askari waliouzingira mlima ule walikunywa maji yaleyale ambayo leo yanamwagilia bilinganya.

Sadiki_K

Hapo sasa umefika penyewe. Kama palikuwa pa Wayahudi, basi si ndiyo hoja yao kwamba wanarudi kwao? Nauliza kwa nia njema, ndugu yangu, sitaki uzi uharibike.

Mwanamatuta

Swali halali, Sadiki. Mimi naona hivi. Kwamba Wayahudi waliishi Betar na kufa pale kwa maelfu ni kweli, na atakayekukatalia anakudanganya. Lakini ukweli huo haufuti haki ya mtu ambaye baba yake na babu yake walijenga ukuta ule jiwe kwa jiwe. Battir imo kwenye daftari la kodi la Dola ya Uthmaniyya la mwaka 1596, kijiji cha Waislamu chini ya Quds (yaani Jerusalem), wakilipa kodi ya ngano na miti ya matunda. Hiyo ni zaidi ya miaka 400 ya watu hao kulima hapohapo na kulipa kodi hapohapo.

Na waliolitunza jina la kilima kile ni wanakijiji haohao. Hawakuwa na sababu ya kuficha waliotangulia.

Sasa tuje kwenye reli, maana bila reli hadithi ya 1948 haieleweki.

Mwaka 1888 Joseph Navon, mfanyabiashara Myahudi wa Jerusalem, alipata kibali cha Sultani cha kujenga reli kutoka Jaffa hadi Jerusalem. Kampuni ya Kifaransa ikaijenga, ikafunguliwa Septemba 1892. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 87 hivi, na kwa kuwa Jerusalem iko milimani, treni ilipanda kwa kufuata mabonde, ikijipinda na kujipinda. Stesheni ya mwisho kabla ya Jerusalem ilikuwa Battir.

Kwa kijiji hilo lilikuwa jambo kubwa. Kabla ya hapo mboga zilipanda Jerusalem kwa punda au kichwani. Baada ya hapo bustani ikawa chini ya mlima na stesheni hapohapo kando yake. Mboga iliyochumwa alfajiri ilifika sokoni bado ina umande. Battir ikawa inaulisha mji.

BintiMrima

Kaka, wanawake je? Maana kwetu ukisikia "mboga zilipanda kichwani" ujue ni kichwa cha nani.

Mwanamatuta

Dada, umesema kweli. Wanawake wa Battir ndio waliobeba vikapu hadi sokoni Jerusalem, wakakaa chini kando ya njia za mji wa kale na kuuza. Hata baada ya reli, biashara ya mboga ilibaki mikononi mwao kwa sehemu kubwa.

Na zao lenyewe linalotajwa kwa jina la kijiji ni bilinganya, betinjan battiri: nyembamba, ndefu, ngozi laini, haina uchungu. Hutobolewa katikati na kujazwa wali na nyama, au huhifadhiwa kwenye mafuta ya zeituni ikiwa na jozi na pilipili, wanaita makdous. Mpalestina akisikia Battir, mara nyingi tumbo linakumbuka kabla ya akili.

Hapo chini penye maji ndipo pa mboga. Juu na kwenye mabonde ya pembeni, kama al-Makhrour, maji hayafiki, basi matuta yamepandwa zeituni na mizabibu inayotegemea mvua. Huko utaona vibanda vya mawe vya mviringo. Familia ilihamia kibandani wakati wa mavuno, ikalala huko kulinda zabibu na tini mpaka kazi iishe.

Kesho nitaweka 1948. Hiyo nataka niiandike kwa utulivu.

Mwanamatuta

Wakuu, nimerudi.

Mwaka 1945 Waingereza, waliokuwa wakiitawala Palestina, walihesabu Battir kuwa na watu 1,050. Miaka mitatu baadaye nchi iliwaka. Tarehe 9 Aprili 1948 wanamgambo wa Kizayuni waliingia Deir Yassin, magharibi mwa Jerusalem, wakaua watu zaidi ya 100, wakiwemo wanawake na watoto. Habari ile ilitembea kijiji hadi kijiji haraka kuliko askari yeyote. Watu walikimbia kabla hawajafikiwa. Mpaka vita vinakwisha Wapalestina kama 700,000 walikuwa wakimbizi na vijiji zaidi ya 400 vilikuwa havina watu.

Tazama majirani wa Battir. Al-Walaja, ng'ambo ya bonde, ilitekwa Oktoba 1948, watu wake wakatoka, kijiji cha zamani kikabomolewa. Al-Qabu nayo ikafutika, na mwaka 1950 kwenye ardhi yake kikaanzishwa kijiji cha Waisraeli, Mevo Beitar, kikichukua jina la ngome ile ya kale. Battir ilikuwa kwenye mstari huohuo, ikiwa na kitu ambacho Israeli ilikihitaji hasa, yaani reli. Ndiyo iliyounganisha Jerusalem na pwani kwa treni, na kipande chake kimoja kilipita chini ya nyumba za Battir.

Watu wa Battir nao walikimbia, wengi wao. Waliobaki walikuwa wachache mno, na kati yao alikuwepo Hasan Mustafa, msomi na mwandishi, mzaliwa wa kijiji, aliyezaliwa 1914. Wanakijiji husimulia kwamba yeye na wenzake waliwasha taa usiku kwenye nyumba tupu, wakaanika nguo kwenye kamba, wakapitisha mifugo huku na huku, ili aliyeko upande wa pili wa bonde aone kijiji kina watu. Walifanya hivyo usiku baada ya usiku. Halafu kidogokidogo familia zikaanza kurudi.

Tarehe 3 Aprili 1949 Israeli na Jordan zilitia saini mkataba wa kusitisha mapigano kule Rhodes. Israeli ilipata reli. Battir ikabaki upande wa Jordan, lakini mstari wa mpaka wa mkataba ule ulipita kwenye ardhi yake na kuacha takriban asilimia 30 ya mashamba yake ng'ambo, pamoja na baadhi ya nyumba na shule. Hapo ndipo kazi ya Hasan Mustafa inapoonekana. Makubaliano yakawa hivi: wanakijiji wataendelea kuvuka reli na kulima ardhi yao iliyo upande wa Israeli, nao watahakikisha treni inapita salama.

Tafakarini hapo. Nchi mbili zilizokuwa vitani, mpaka usio na uzio, na mkulima anavuka na jembe lake asubuhi na kurudi jioni. Sehemu nyingine za mstari ule mkulima aliyevuka kwenda kuchuma zeituni zake mwenyewe aliitwa mpenyezaji na alipigwa risasi.

Sadiki_K

Nimesoma mara mbili. Hapa mkuu lazima nikupinge kidogo. Jirani zako wa al-Walaja wametolewa kwao, wewe unakubali kuilinda treni ya waliowatoa. Siyo kujisalimisha huko? Nadhani wapo Wapalestina waliomlaumu Hasan Mustafa.

BintiMrima

Sadiki, ungekuwa wewe na watoto, mvua imeanza, mbegu ziko ndani, ungefanya nini? Mtu aliyebaki kwenye shamba lake hajajisalimisha.

Mwanamatuta

Sadiki, hoja yako siidharau. Gharama ilikuwepo na tusiipunguze: treni ilipita kila siku mlangoni mwao na haikusimama tena. Stesheni iliyowalisha ikafungwa kwao, na soko la Jerusalem magharibi likapotea. Walikuwa wakilinda njia ambayo wao hawaruhusiwi kuipanda.

Lakini mimi nasimama na Hasan Mustafa. Angalia aliokoa nini. Matuta ya aina ile yakikosa mikono miaka michache hayarudi. Familia za al-Walaja zilijenga upya kwenye ardhi iliyowabakia ng'ambo ya mstari, na uthabiti wao ni mkubwa, ila kijiji chenyewe cha zamani hakikurudi. Battir ilibaki na chemchemi yake, birika lake na zamu yake ya siku nane haijavunjika. Mustafa hakuwa na jeshi. Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho upande wa pili unakihitaji, usalama wa reli, akakiuza kwa bei ya juu kuliko mtu yeyote angetarajia.

Na hakuishia hapo. Miaka iliyofuata aliwaongoza wanakijiji kujijengea wenyewe, kwa nguvu kazi na michango: barabara kuelekea Bethlehem (maana njia yao ya Jerusalem ilikuwa imekufa), maktaba, na shule ya wasichana. Shule ya wasichana kijijini, mwanzoni mwa miaka ya 1950! Alifariki 1961, hajafika hata miaka 50.

Mrina_wa_Kibo

Huyu mzee anastahili kujulikana. Na baada ya 1967?

Mwanamatuta

Mwaka 1967 Israeli iliukalia Ukingo wa Magharibi wote, Battir ikiwemo. Kwa miaka mingi baada ya hapo adui wa matuta alikuwa mwingine: ujira. Kibarua cha ujenzi ndani ya Israeli kililipa kuliko kikapu cha mboga, vijana wakaenda, na matuta ya pembeni yakaanza kuanguka kwa kukosa watu. Hili wanaharakati wengi hawalisemi, lakini watu wa Battir wenyewe wanalijua vizuri.

Makubaliano ya Oslo ya miaka ya 1990, kati ya Israeli na Wapalestina, yakaigawa ardhi: kama asilimia 24 Eneo B, yaani utawala wa kiraia wa Wapalestina lakini usalama mikononi mwa Israeli, iliyobaki yote Eneo C, yaani chini ya udhibiti kamili wa Israeli. Nyumba nyingi ziko B. Mashamba yako C. Ukitaka kujenga hata ghala kule shambani kibali ni cha jeshi, na hakitoki.

Halafu likaja suala la ukuta. Israeli ilianza kujenga uzio na ukuta wa utenganisho mwaka 2002, na mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuujenga ndani ya ardhi inayokaliwa ni kinyume cha sheria. Ramani ya Battir iliupitisha bondeni kando ya reli, ukiwatenga wakulima na mashamba yale ya 1949. Jeshi lilisema ni kwa usalama wa treni. Treni ileile ambayo kijiji kiliahidi kuilinda.

Wanakijiji walikwenda mahakamani mwaka 2007. Mwaka 2012 wakaungwa mkono na shirika la Friends of the Earth Middle East, lenye Waisraeli, Wapalestina na Wajordan. Kisha likatokea lisilotarajiwa: Mamlaka ya Hifadhi ya Mazingira na Mbuga ya Israeli, chombo cha serikali, ambayo hapo awali iliukubali ukuta, ikageuka na kuiambia mahakama kwamba ukuta utaiharibu mandhari ile bila kurekebishika.

Wakati huohuo Palestina iliipeleka Battir UNESCO. Mwaka 2011 ilikuwa imepata tuzo ya Melina Mercouri ya utunzaji wa mandhari ya kiutamaduni. Tarehe 20 Juni 2014, kikao cha Doha kiliiandika kwenye Urithi wa Dunia kwa utaratibu wa dharura, na papo hapo ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Washauri wa kitaalamu wa ICOMOS walikuwa wamependekeza isiandikwe, wajumbe wakapiga kura wakaiandika. Eneo lenyewe ni hekta 349. Januari 2015 Mahakama Kuu ya Israeli ikamaliza kesi: ukuta haujengwi, isipokuwa serikali iamue upya na kutoa taarifa.

Sijui mfano mwingine katika nchi ile ambapo ukuta ulizuiwa na kuta za bustani.

BintiMrima

Alhamdulillahi. Kwa hiyo leo wako salama?

Mwanamatuta

Dada, hapana. Ukuta ulizuiwa, walowezi hawakuzuiwa. Wamekuwa wakiweka vituo vyao juu ya milima inayozunguka. Agosti 2024 waziri wa fedha wa Israeli, Bezalel Smotrich, alitangaza kwamba mpango wa makazi mapya ya walowezi yaitwayo Nahal Heletz umepitishwa, kama dunamu 600, yaani hekta 60, ili kuunganisha Gush Etzion, kundi la makazi ya walowezi kusini mwa Bethlehem, na Jerusalem. Sehemu hiyo inaingia ndani ya eneo la Urithi wa Dunia. Wiki mbili kabla yake familia ya Kikristo ya Kipalestina iliondolewa kwa nguvu kwenye ardhi yake bonde la al-Makhrour, lile la zeituni na vibanda vya mawe. Na baada ya Oktoba 2023 Israeli ilifuta vibali vya wengi wa Ukingo wa Magharibi waliofanya kazi upande wake, kwa hiyo nyumba nyingi hazina ule ujira niliousema.

Sadiki_K

Nimekuelewa kuhusu Hasan Mustafa, mkuu, ingawa bado kuna kitu kinanikereketa. Yeye alikuwa na reli ya kubadilishana. Hawa wa leo wana nini cha kubadilishana?

Mwanamatuta

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote kwenye uzi huu, Sadiki. Reli haina uzito tena: tangu 2018 Jerusalem ina treni ya mwendo kasi inayopita njia nyingine kabisa, kwenye mahandaki. Walichobaki nacho ni hati ya UNESCO, hukumu ya 2015, hati zao za ardhi, na kulima. Chini ya sheria za ardhi za Uthmaniyya, ambazo Israeli bado inazitumia kule, shamba lililokaa miaka mitatu bila kulimwa linaweza kutangazwa la serikali. Kwa hiyo mtu wa Battir anayepanda bilinganya mwaka huu kwenye tuta la babu yake anafanya kilimo na anajaza ushahidi wa kesi kwa wakati mmoja.

Mwenye swali kuhusu birika na jinsi fungu la kila familia linavyogawanywa aniulize hapahapa. Kesho nitaweka maelezo ya al-Walaja, maana nao wana chemchemi zao na kesi zao, na Sadiki ameniwajibisha kuwasemea.